Imepokewa, Haijakaguliwa

Tulikuwa kumi na wawili kwenye viti vya plastiki,
yeye peke yake kwenye kiti cha magurudumu,
akizunguka kidogo kushoto, kidogo kulia,
kama feni umeme ukiwa mdogo.

"Subira," akasema Meneja Mtenga, "huvuta heri."
Yangu, nikamwambia, imevuta kodi:
miezi kumi na minne, Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani,
chumba na sebule, choo cha wote,
laki na ishirini kila tarehe tano.
Nikafungua daftari.

Mkataba ulisema mwisho wa Juni, funguo mkononi,
nyumba arobaini pale Mwahako, paa la bluu.
Juni ikapita. Wakasema mvua.
Juni ya pili ikapita. Wakasema mabati yamekwama bandarini.
Bandarini!
Miaka thelathini na moja nimehesabu shehena pale,
marobota ya katani, saruji, mbolea,
magari yaliyoshuka bila vioo vya pembeni.
Meli gani? nikauliza.
Akakohoa. Mabati yakahamia Segera.

Mwalimu Hiza alidai riba kwa sauti ya darasa la saba.
Kanyawa, fundi pikipiki, hakudai kitu;
alitaka kujua tu mkewe ajifungulie huku au kule.
Swali hilo aliliuliza mara ya kwanza Machi.
Leo amempakata mtoto, ana meno mawili.

Kampuni ikatoa zawadi:
tangi la maji kwa kila nyumba, na marumaru za sebuleni.
Zawadi, kwa fedha yetu!
Mtu anakuvua shati, anakutunza kifungo.

Zamu yangu ikafika, nikasema: kitanda.
Wakacheka, hata wa upande wetu.
Kitanda cha mninga, futi sita kwa sita,
fundi Shemboko alikichonga kwa kufuata mchoro wao.
Tangu Julai ile ya kwanza kimo karakanani kwake,
wateja wanakikalia wakingoja makochi,
paka kazalia chini yake mara mbili,
na kila mwezi Shemboko ananiandikia risiti ya hifadhi,
kwa haya, maana tulisoma chuo kimoja,
lakini anaandika.

"Kitanda hakimo kwenye mkataba."
Chumba kimo, nikasema. Twende tukakipime.

Jua la saa saba. Shemboko akavuta futi kamba,
ncha moja akamshikisha meneja.
Kwenye mchoro, mita tatu na nusu.
Kwenye ardhi, mita tatu na sentimita kumi na tisa.
Akapima tena, taratibu,
kama anayemsomea mtoto barua.
Na mlango, kitanda kikiwepo, ungefunguka nusu;
mke wa mtu apite kwa ubavu ndani ya nyumba yake.

Hakuna aliyecheka.
Mmoja mmoja wakatawanyika, kila mtu kwenye chumba chake,
wakiazimana futi.

Tuliporudi ofisini kile kiti hakikuzunguka.
Kodi: miezi kumi na mmoja kati ya kumi na minne.
Risiti za Shemboko, zote.
Milango ifungukie nje.
Sentimita zilizopotea tulizipigania hadi adhana ya alasiri,
na bei yake, nisiwadanganye, haikunipendeza.
Tangi tulichukua pia.

Ikaja karatasi: *Nimeridhika kikamilifu, sitadai tena.*
Kalamu ikasimama.

Kasha likishuka usiku, ndani yake hujapaona,
hukatai mzigo, wala huusifu.
Unaandika maneno mawili, unatia sahihi chini yake.
Nikakata mstari juu ya *nimeridhika*,
nikaandika yale yale ya kazini.

Meneja akayasoma, akauliza maana.
Mvua za vuli, nikamwambia, zitakufafanulia.
Nyuma yangu watu kumi na mmoja
walikuwa wanagombea kalamu.

Funguo, wanasema, Septemba.
Kitanda bado kiko kwa Shemboko.
Paka ana mimba tena.